Kijani cha Mama

Kitinda alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kitu kibaya kikikaa mbele ya macho yake, mikono humwasha. Kazi yake ilikuwa kubuni lebo za chupa na makopo, na miaka kumi na miwili ya kazi hiyo ilikuwa imemharibu. Hata kadi ya harusi aliisoma akiwa amekunja uso. Sasa mtu wa namna hiyo amerudi kukaa na baba yake, na kila asubuhi macho yake yanakutana na wiki ya mama kwenye kompyuta.

Mama alikuwa mkutubi. Baba alipoanza kusahau, mama alimtengenezea wiki kwenye kompyuta ya sebuleni, yaani daftari la kompyuta lenye kurasa za mambo ya nyumbani tu, moja ikimpeleka kwenye nyingine. Vidonge vya asubuhi. Ufunguo wa akiba ulipo. Mwanamke anayekuja kila Jumanne ni nani, na kwa nini asifukuzwe. Mama alifariki mwaka uliopita, lakini kurasa zake zilibaki kazini. Baba, mpima ardhi mstaafu, alizisoma kila asubuhi baada ya kuoga, akanyanyuka akijua yuko wapi, na siku yake ikaenda sawa.

Tatizo lilikuwa sura ya kurasa hizo. Mama, Mungu amrehemu, hakujaliwa jicho la rangi. Mandhari ya kurasa aliyoipachika ilikuwa ya kijani kikali, maneno ya kubofya ya rangi ya chungwa, na kwenye kona ya juu picha ya birika la jikoni iliyovutwa mpaka birika likanenepa. Kitinda alivumilia miezi mitatu. Jumamosi moja, baba akiwa bafuni, akafungua faili la mandhari, akafuta rangi zote na kuweka zake: nyeupe ya kupumzisha macho, herufi kubwa nyeusi, birika nje. Neno hata moja hakuligusa. Akajiona amemsaidia mzee.

Baba akaja, akakaa, akatazama. Kisha akasimama taratibu na kukirudisha kiti mahali pake.

"Samahani," alisema. "Nimeingia kwa watu."

Kitinda alicheka kwanza. Akamweleza kwamba wiki ni ile ile, akamsomea ukurasa wa vidonge. Baba alisikiliza kwa adabu zote, ila vidonge akakataa kuvimeza, maana vilikuwa vya mwenye nyumba, na yeye hapa si kwake. Hakukasirika hata kidogo. Aliomba tu aonyeshwe njia ya kwenda nyumbani.

Hata hapo Kitinda hakutishika, kwani wiki haipotezi kitu. Kila ukurasa una historia yake. Nukta aliyoiweka mama miaka minne nyuma bado imo, na saa aliyoiweka. Akaenda kuirudisha mandhari ya zamani. Historia ya kurasa aliikuta yote. Ya mandhari haikuwepo. Wiki ilikuwa ikitunza maneno. Rangi zilikaa kwenye faili la pembeni, lisilo na historia wala nakala. Yeye, ambaye kazini hutunza nakala tano za lebo ya maji ya matunda, hakuwa amenakili.

Juma zima alichanganya rangi kwenye kompyuta, akikitafuta kijani cha mama. Kaka yake alimtumia picha pekee ya mama akiwa mbele ya kompyuta, lakini mwanga wa kamera ulikuwa umepiga kwenye kioo, na mahali pa rangi palikuwa peupe pe. Alilipiga picha birika jikoni, akalivuta, akalinenepesha. Jumanne baba alimfukuza yule mwanamke. Vidonge vilibaki kwenye sahani. Kila asubuhi mzee alivaa viatu na kukaa karibu na mlango, akingoja mtu wa kumpeleka kwake.

Jumamosi iliyofuata alimkalisha tena mbele ya kompyuta. Safari hii baba alikaa muda mrefu. Alisogeza uso, akagusa birika kwa kidole.

"Dada, umejitahidi," baba alisema mwishowe, kwa adabu ya mgeni. "Kizuri sana hiki kijani."

"Si ndicho, Baba?"

"Chetu si kizuri." Alitabasamu kidogo. "Mke wangu akiweka rangi, macho yanauma. Hapo ndipo ninapojua nimefika."

Kitinda aliangalia kijani chake. Kweli kilikuwa kizuri. Vyote alivyochagua juma zima vilikuwa vizuri, na mkono wake haukujua kukosea kama alivyokosea mama. Alitamani kulia, na akalia, bila kujificha.

Baba aliona haya kumliza mwenyeji ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akamwomba radhi, akainama kufunga kamba za viatu ili aende kwao, vidole vikashindwa. Kitinda akapiga magoti, akamfungia.