Kapeti ya Nne

Oili chafu ya gari haina haya. Ukiimwaga leo, kesho utaikuta kwenye komeo la mlango, kwenye kola ya shati, kwenye mkono wa kikombe. Haikauki kama maji wala haigandi kama damu. Inakaa tu, nyeusi, inangoja mtu wa kumshika.

Muema, ndugu yangu mdogo, aliniletea mtungi mzima wa oili hiyo Ijumaa mchana, ikiwa imemwagika yote ndani ya buti la Probox yake. Aliegesha nje ya mlango wangu hapa Kitengela, akafungua buti, kisha akarudi nyuma kama mtu aliyefungua choo cha soko.

"Dada," akasema, "kuna kashida kadogo."

Muema anauza nguzo za ua kule Kajiado mjini. Nguzo hupakwa oili chafu upande wa chini ili mchwa wasizile, kwa hiyo yeye hupita gereji moja hadi nyingine akikusanya oili iliyotolewa kwenye magari ya watu. Hilo sina neno nalo. Kazi ni kazi. Lakini mtungi wake haukuwa na kifuniko. Aliuziba kwa gunzi la mahindi. Gari liliporuka matuta ya Isinya, gunzi lilichomoka, na oili ikajilalia kwenye kapeti ya buti kama nguruwe kwenye tope.

Siku nyingine ningecheka. Lakini kesho yake asubuhi buti hilo hilo lilikuwa libebe mbuzi wa ntheo.

Kwetu Ukambani, msichana hawi mke wa mtu mpaka mbuzi wa ntheo waingie kwao. Mnaweza kukaa pamoja mpaka mzeeke, mpate hata wajukuu, lakini bila wale mbuzi yeye bado ni wa baba yake. Muema na mchumba wake Nzula walikuwa wamengoja siku hiyo muda mrefu. Mbuzi, majike wawili na beberu mmoja, tulikuwa tumewanunua kwa mama mmoja wa Kimaasai anaitwa Soila, na tangu jana yake walikuwa wamefungwa kwenye mti wangu wa kamba ya nguo, wakinimalizia sukuma wiki. Beberu alikuwa mweupe pepe, kama povu la maziwa.

Na huku, mbuzi mwenye oili mwilini ana maana moja tu: ana upele. Mfugaji akiona mbuzi wake anajikuna na kunyonyoka, humpaka oili chafu. Kila mtu anajua. Kuwapelekea wakwe beberu mweupe mwenye ubavu mweusi ni kuwaambia, tumewaletea ugonjwa, tupeni binti. Tena huko kwao Kangundo kulikuwa na shangazi wa Nzula, Kaluki, ambaye alishawahi kumrudisha mbuzi wa watu kwa sababu ya sikio lililochanika.

"Tutatandika magunia," Muema akasema.

"Magunia yatainywa, mbuzi watalalia magunia. Fikiria kidogo, Muema. Kichwa si cha kuvalia kofia tu."

"Sasa wewe unanitusi na nimekuja kwako na shida?"

Kabla sijamjibu, Mama akapiga simu. Alikuwa ameshaambiwa. "Mbeke mwanangu, msaidie ndugu yako. Mwanaume hajui mambo ya kusugua."

Mama amesema maneno hayo tangu tukiwa watoto. Sufuria ya Muema, kiatu cha Muema, shuka la Muema. Nikakunja mikono ya blauzi.

Nilivuka barabara kwa Gakuru, fundi wa vitanda, nikaomba gunia la vumbi la mbao. Nikalimwaga juu ya oili na kuliacha linywe. Lilikunywa likawa uji mweusi, mzito, wenye vibonge, nao nikauchota kwa kizoleo. Nikamwaga tena. Nikachota tena. Halafu maji moto, sabuni ya vyombo na brashi. Povu lilitoka la kijivu, likawa la kahawia, likawa jeusi, na kila nilipodhani nimemaliza, nilibonyeza kapeti kwa kiganja na oili ikachungulia kati ya vidole vyangu. Harufu ilikuwa ya chuma kilichoungua na maharagwe yaliyoshika sufuria. Iliingia chini ya kucha. Iliingia kwenye nywele. Nilijikuna pua kwa bega na bado ikanifuata huko.

Muema alikuwa amekaa kwenye kigoda, simu mkononi.

"Usisugue sana hapo," akasema, "hiyo kapeti itapasuka."

Niliishika ile kapeti kwa kona, nikaivuta nje ili nisafishe bati la chini.

Chini yake hakukuwa na bati. Kulikuwa na kapeti nyingine.

Hiyo ya pili ilikuwa ya bluu zamani. Sasa ilikuwa na rangi ya ugonjwa. Oili ilikuwa imeifikia, lakini chini ya oili ilikuwa na maisha yake mwenyewe: maziwa yaliyomwagika siku yake, yakachacha, yakawa ganda la njano. Nikaivuta. Ilitoa mlio wa plasta inayong'oka kwenye kidonda. Chini yake kulikuwa na ya tatu, na hapo ndipo nilipotapika karibu na tairi, kwa sababu kati ya ya pili na ya tatu kulikuwa na vitunguu. Vitunguu vya Kimana, alivyobeba sijui mwaka gani, vimepondeka vikawa kamasi, na ndani ya kamasi vitu vyeupe vidogo vilikuwa vinajipinda.

"Muema."

"Eeh?"

"Hii ni nini?"

Akaja, akachungulia, akakunja uso kana kwamba mimi ndiye niliyeweka. "Aah, hiyo ni ya kitambo. Nilitandika juu."

Nikaing'oa na ya tatu. "Na hii?"

"Hiyo pia. Dada, kapeti ni rahisi kuliko kuosha. Unatandika tu, inakaa safi." Halafu uso ukamng'aa. Akaenda kiti cha mbele, akarudi na bunda refu begani: kapeti mpya, nyekundu, bado na harufu ya duka. "Kwani nilikuja bila mpango? Tunatandika hii kesho, wakwe hawataona kitu."

Nilisimama na brashi mkononi nikimwangalia yule mtu niliyenyonya naye titi moja. Oili haikunichukiza tena. Oili angalau ni nyeusi waziwazi.

"Hodi wenyewe!"

Nzula alikuwa langoni, begi mgongoni. Alikuwa njiani kwenda Kangundo, kwa sababu mbuzi lazima wamkute nyumbani kwao, akapitia kutuaga. Hatukupata nafasi ya kuficha kitu. Kapeti tatu zilikuwa zimelala uani mbele yake, moja baada ya nyingine, na inzi walishafika.

Akazitazama zote. Akatazama nyekundu begani mwa Muema. Nzula si mtu wa maneno mengi.

"Na kwako Kajiado," akamuuliza, "chini ya godoro kuna magodoro mangapi?"

"Babe, wacha presha. Ni oili tu."

Nzula akaweka begi chini. Akavua saa. Akaanza kukunja sketi aifunge kiunoni, akanyoosha mkono kwangu. "Dada Mbeke, nipe brashi. Umechoka."

Hapo ndipo kitu kilinipanda kutoka tumboni, na hayakuwa matapishi.

"Wewe usithubutu," nikamwambia. "Mimi nimempigia magoti mpaka leo kwa sababu Mama alinituma. Wewe nani amekutuma? Ukipiga goti hapo leo, wifi, hutainuka tena."

Akashusha sketi, akavaa saa yake polepole, akaokota begi.

"Muema, nisikize. Kesho shangazi atawakagua mbuzi, lakini hana haja ya kuhangaika. Nikiona alama moja nyeusi, hata ndogo kama kunguni, mimi mwenyewe nitasema wana upele. Mbele ya wazee."

"Nzula! Utanikataa kwa sababu ya kapeti?"

"Kapeti ngapi?" akasema, akatoka.

Nikaangusha brashi miguuni mwa Muema. Alinitazama, akatazama simu, na nadhani alifikiria kumpigia Mama. Kisha akapiga magoti. Alichota vitunguu kwa mkono wake mwenyewe, akitema mate kila mara, akikaribia kulia. Akatoa tairi la spea, na chini yake kulikuwa na kidimbwi cheusi kilichotulia kama jicho. Akakikausha kwa vumbi la mbao. Akasugua bati mpaka rangi ya gari ikaonekana. Nilikaa kwenye kigoda. Sikumwambia asisugue sana.

Asubuhi mbuzi walisafiri juu ya bati tupu lililotandikwa nyasi kavu.

Kule Kangundo, shangazi Kaluki alimshika beberu pembe, akampapasa tumbo, akanusa vidole vyake, kisha akampangusa ubavu kwa kitambaa cheupe. Akakiinua juu, kila mtu akione. Cheupe. "Mbuzi ni wazima!" Akina mama wakapiga vigelegele, na nikamwona Muema akipumua.

Nzula hakupiga vigelegele. Alikuwa amelizunguka gari. Alilitazama buti, akapitisha kiganja kwenye bati, akakitazama. Kisha akafungua mlango wa mbele, akainama, akavuta kutoka chini ya kiti lile bunda jekundu.

Muema alikuwa amelibeba. Baada ya yote yale, bado alikuwa amelibeba.

Nzula akalikunjua mlangoni kwa mama yake, akalinyoosha pembe zote. Mzee mmoja akasifu, "Tazameni, huyu kijana ana heshima! Ameleta hata zulia la mlangoni." Watu wakacheka kwa furaha. Sisi watatu hatukucheka.

"Karibuni ndani," Nzula akasema. "Muema aanze. Futa miguu."

Akafuta. Mimi nilikuwa nimeshapewa pale uani kipande cha ini la kutupokea, kile cha heshima, na nilipokileta mdomoni nikasikia vidole vyangu vikinuka buti, ingawa nilikuwa nimeviosha kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu. Nikakirudisha kwenye sahani. Muema alikuwa anainua kiatu kuvuka kizingiti.

"Futa tena," Nzula akamwambia, kwa sauti tamu ya mtu anayekaribisha mgeni.