Unabaki

Wapimaji walipita asubuhi na makopo ya rangi, na mfagizi aliporudi kutoka bombani akakuta neno la kijani katikati ya mlango wake: UNABAKI. Alilisoma mara tatu. Kisha akakaa kitako kwenye ngazi, akacheka peke yake. Miaka thelathini na moja alifagia jengo lile la mawe, tangu lilipokuwa posta, kabla halijagawanywa vyumba vya kupanga, na chumba kile cha chini ndicho kilichokuwa nusu ya ujira wake. Sasa mwenye jengo alitaka kuligeuza ofisi za kisasa, zisizokula umeme mwingi. Kumbe hawakumsahau!

Milango ya wengine, ya mbao nyepesi, ilichorwa msalaba mwekundu tu. Jirani yake, fundi cherehani, akaja mbio.

"Dada, twende tukaandikishe majina tupewe vyumba kwingine. Kesho wanafunga daftari."

"Nenda, mwaya. Mimi nabaki. Huoni?"

"Una bahati," fundi cherehani akasema, na wivu haukujificha.

Wakahama wote. Miezi miwili mfagizi aliishi na mlio wa ndoo yake. Jioni alibisha hodi kwenye vyumba vitupu na kujiitikia mwenyewe karibu. Upweke ulimkaba, lakini akajipa moyo kwamba watu wa ofisi watakuja, naye atawafagilia.

Aliyekuja ni msimamizi wa ujenzi, kofia ngumu kichwani, adabu tele.

"Shikamoo, mama. Mbona bado uko?"

"Marahaba. Si mmeniandikia wenyewe? Unabaki."

Msimamizi akautazama mlango, akamtazama yeye.

"Mlango, mama. Mlango ndio unabaki. Mbao ya miaka mia hii. Tukichonga mpya tunakata mti, tunachoma mafuta, tunachafua hewa. Hapa hatutupi kitu."

"Hamtupi kitu."

"Hata msumari."

"Basi niandikeni na mimi kwenye daftari la vyumba."

"Lilishafungwa, mama. Ungeuliza."

Angeuliza! Nani anauliza akishaambiwa abaki?

Alifunga godoro, ndoo na sufuria mbili. Msimamizi alimsaidia kutoa mizigo nje, hilo lisemwe. Kisha akanyoosha mkono.

"Na ufunguo, mama. Nao unabaki."

Akampa. Msimamizi akauvuta mlango, ukagoma. Akausukuma kwa bega, akaupiga teke.

"Taratibu wewe!" ilimtoka mfagizi. "Bawaba ya chini imelegea. Unauinua kwanza."

"Hebu nionyeshe."

Akatua furushi. Akashika kitasa kwa mikono miwili, akauinua mlango kama alivyouinua kila siku, akauvuta taratibu mpaka ukalia ta! Ulifungika sawasawa, na yeye yuko nje.

"Ahsante sana, mama." Msimamizi akazungusha ufunguo, akautia mfukoni, akatoa kalamu na kuandika kwenye karatasi zake: uinuliwe kwanza.