Aliyekaa Kushoto

Alhamisi saa nne asubuhi, mwalimu wa udereva aliegesha gari lake la shule nje ya duka la magari, akavuta breki ya mkono, akaacha gia ya kwanza ndani kama anavyowafundisha watu kufanya kwenye mteremko, ingawa pale palikuwa tambarare. Alishuka na vitu viwili: daftari la jalada la bluu, na sweta ya kijivu iliyokunjwa ndani ya mfuko. Sweta ilitoka kwa mkewe.

"Mpelekee mtoto," alikuwa amemwambia mlangoni. "Kile kiyoyozi cha lile gari kitamuua."

Halafu mwenyewe akageuka, akarudi jikoni.

Watu walimwita Mwalimu Taratibu. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kiti cha kushoto cha gari la kufundishia, mguu wake juu ya breki ya pili, ile inayowekwa upande wa mwalimu ili mwanafunzi akichanganyikiwa, mwalimu awaokoe wote wawili. Miaka yote hiyo mshale wa mwendo haukuwahi kuvuka arobaini. Lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye magari ya mbio, mapenzi ya kweli, ya kukosesha usingizi. Lile daftari la bluu lilikuwa la nne. Humo aliandika kila gari alilowahi kulijaribu, magari thelathini na moja, na hakuna hata moja alilowahi kuwa nalo: usukani ulikuwaje, kiti kilimbebaje, injini ilisema nini. Jioni aliwasomea watu kwa kinyozi, nao walitulia tuli kama wanaosikiliza habari za mkwe mpya.

Mapenzi hayo ndiyo aliyomrithisha binti yake. Alikuwa na huyo mmoja tu. Alimfundisha kuendesha, yeye kushoto na mtoto kulia. Halafu mtoto alipokuwa mkubwa wakabadilishana viti, akamfundisha kufundisha. Duka la magari likamwajiri kuwa msindikizaji: mteja akija kujaribu gari, yeye hukaa kushoto, humwelekeza njia na kumweleza gari. Kazi hiyo aliifanya miaka mitatu, akafa nayo mwaka jana, kwenye kona ya kinu cha unga, ndani ya gari la njano. Duka likalinyoosha gari, likalipaka rangi, likalitia kioo kipya cha mbele. Binti naye akarudi kazini wiki ya pili baada ya maziko, Jumatatu, saa mbili kamili.

"Hachelewi hata dakika," alisema muuzaji, bwana mmoja ambaye tai yake ilimfika chini ya mkanda wa suruali, kwa hiyo watu walimwita Tai. "Tumemwambia apumzike, hasikii. Na kusema ukweli, Mwalimu, gari lile analijua kuliko sisi sote."

Akaleta fomu. Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe, kwa hiyo tusipite mbio. Fomu ya duka lile ina mstari mmoja tu wa jina, na umeandikwa "Dereva." Bima ya magari ya duka inawakubali wafanyakazi peke yao. Basi tangu duka lifunguliwe, mteja akija kujaribu gari, jina la msindikizaji ndilo linaloandikwa pale kwa dereva, na mteja anatia sahihi chini kabisa, kwenye maoni. Kila mtu pale anajua. Anayefagia anajua. Binti mwenyewe alikuwa akilijaza jina lake kwa mkono wake, mara nne mara tano kwa siku, bila kuwaza, kama mtu anavyofuta miguu mlangoni. Siku ya kinu alilijaza pia. Usukani ulikuwa mikononi mwa mteja, mtoto wa mwenye kampuni ya saruji, na karatasi ilikuwa na jina la binti. Mteja alitoka na bega lililoteguka. Karatasi ikaenda polisi. Ripoti ikaandikwa kwamba dereva aliyesababisha ajali kwa uzembe wake ni marehemu.

Mwalimu Taratibu alitaka kitu kimoja. Hakutaka fidia, hakutaka mtu afungwe. Alitaka ripoti iseme kwamba mtoto wake alikuwa amekaa kushoto.

"Leo uniandike mimi," alisema, akigusa mstari wa dereva kwa kidole.

"Mwalimu, na wewe! Si unaijua bima."

"Bima inamkubali maiti?"

"Hajaondolewa kwenye orodha ya wafanyakazi," alisema Tai, akiandika jina la binti kwa herufi nzuri za duara. "Kuondoa watu ni kazi ya makao makuu."

Gari lilikuwa limeshatolewa nje. Lilikuwa la njano ya kiini cha yai, limechuchumaa chini kama linalotaka kuruka mtaro, milango miwili, viti viwili. Binti alikuwa ameshafunga mkanda, ubao wa kuandikia mapajani. Kwenye dashibodi, taa ndogo ya kiti cha abiria iliwaka kuonyesha kwamba kiti kina mtu. Gari halikuwa na shaka naye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mama yako kakuletea sweta."

"Jamani mama! Si nilisema sisikii baridi?" Akaipokea hata hivyo, akainusa, akaitandaza magotini.

Alama ya mkanda ilikuwa bado shingoni kwake, nyekundu, ikitoka bega la kushoto na kushuka kuelekea nyonga ya kulia. Mtu akikaa kulia, kwenye usukani, mkanda humtoka bega la kulia. Hilo halihitaji kusomea.

Ilikuwa Alhamisi ya sita ya mwalimu kulijaribu gari lile. Zile tano za kwanza alikwenda arobaini, akarudi arobaini, hata daftarini hakuliandika. Lakini leo afande wa trafiki alikuwa amekubali kusimama pale konani na kuona kwa macho yake, kwa sharti moja: mwendo uwe wa kweli, kwa sababu kwa arobaini, alisema, hata baiskeli inasimama.

"Amekubali, au umemchosha?" aliuliza binti.

"Nimemchosha. Nimekwenda kwake mara kumi na moja."

"Haya. Kanyaga breki, bonyeza kitufe. Leo wewe ni mteja, usije ukaanza kunifundisha."

Injini haikuwaka kwa fujo. Ilikohoa mara moja, kikohozi cha mtu mzima anayetaka asikilizwe, kisha ikanguruma chini ya kiti mpaka meno ya bandia ya mwalimu yakatetema. Kiti kilimshika mbavu kama fundi cherehani anayempima mtu koti. Usukani ulikuwa mzito kidogo, mzito wa heshima. Ukiugeuza upana wa ukucha, pua ya gari nayo inageuka upana wa ukucha. Gari lake la shule, ukizungusha usukani leo unakata kona kesho. Walipita getini, wakapita maghala, wakaingia barabara iliyonyooka ya kwenda kinuni, kilomita mbili bila tuta.

"Baba, uko arobaini."

"Najua."

"Gari linaona aibu. Nyuma kuna trekta linataka kutupita."

Akakanyaga mafuta. Mgongo ukabandikwa kitini kama stempu. Sitini, tisini, mia na kumi. Sauti ya injini ilitoka kwenye kifua ikapanda kwenye koo, na nguzo za umeme, zilizokuwa zikija moja moja kama watu wanaotoka kazini, sasa zikaja kama meno ya kitana. Mia na thelathini. Gari halikurukaruka wala kuserereka. Kadiri lilivyokimbia ndivyo lilivyozidi kukaa chini, kama mtu anayesogeza kiti ili asikie vizuri. Kitu kikampanda mwalimu kooni. Alidhani ni kilio, kikatoka kicheko. Alicheka mzee mzima kwa sauti, na binti naye akacheka, wakawa wapenda magari wawili ndani ya gari zuri, asubuhi yenye jua. Kwa muda wa nguzo kama kumi hivi alisahau kabisa kwamba mmoja wao amekufa.

Kisha ukuta wa kinu ukaonekana. Katikati ya matofali ya zamani yaliyopauka kwa unga palikuwa na kiraka cha matofali mapya, upana wa gari moja. Kando yake alisimama afande, tepu ya kupimia mkononi.

Mwalimu akatoa mguu kwenye mafuta. Hakuuweka kwenye breki. Aliinua miguu yote miwili, magoti yakagusa usukani, kama afande alivyomwagiza. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuiacha breki hivyo.

Mguu wa kulia wa binti ukanyooka, ukakandamiza zulia. Pale hapakuwa na kanyagio. Palikuwa na zulia tupu, limebonyea kidogo mahali pa soli. Breki zikashika. Zikashika magurudumu yote manne sawasawa, matairi yakalia, gari likasimama limenyooka, hatua tatu kutoka kwenye kile kiraka.

Unga kidogo ukadondoka kutoka ukutani, ukatua kwenye boneti.

"Siku ile haikushika," alisema binti. "Nilikanyaga kama ulivyonifundisha. Breki ya mkono ilikuwa hapa hapa, karibu na mkono wangu, wala sikuikumbuka. Mguu ulijiendea wenyewe. Nilisahau kwamba hili si gari la kwetu."

Mwalimu alikuwa anatazama matofali. "Mimi ndiye niliyeuzoesha huo mguu."

"Uliuzoesha vizuri, baba. Si unaona? Siku hizi inashika."

Afande alizunguka upande wa kushoto, akainama dirishani.

"Habari za kazi, binti?"

"Nzuri. Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mkanda haukubani?"

"Nimeuzoea."

Alimulika tochi miguuni kwake, akapapasa chini ya zulia, hakukuta kitu. Akapima alama za matairi. Akawaomba warudie, wakarudia, gari likasimama pale pale, alama juu ya alama. Afande akakunja tepu.

"Nimeona," alisema. "Amekaa kushoto. Mkanda unatoka kushoto. Breki inatoka kushoto."

Mwalimu alitoa kalamu mfukoni. "Basi utaandika."

"Niandike wapi, Mwalimu? Ripoti imefungwa. Kuifungua kunataka shahidi aliyekuwemo garini. Waliokuwemo ni wawili. Mmoja anasema hakuwa kwenye usukani. Mwingine ni marehemu."

"Marehemu si huyu unayesalimiana naye?"

"Ndiye. Na nitaendelea kumsalimia. Lakini ana cheti cha kifo, na karatasi ya dukani inasema dereva ni yeye, kwa mwandiko wake." Akaingiza mkono dirishani, akaugeuza ule ubao wa mapajani, akasoma. "Na ya leo nayo inasema dereva ni yeye. Kwa hiyo hata leo, Mwalimu, kwa mujibu wa karatasi, wewe hukuwemo."

Akaivua kofia, akaipangusa unga, akaivaa, akaenda zake.

Walirudi kwa arobaini. Trekta likawapita.

Dukani, gari jeupe la aina ile ile, jipya, lilikuwa limeletwa kubadilishwa oili. Mwenyewe alisimama kando yake akizungusha ufunguo kidoleni. Alikuwa mtoto wa mwenye kampuni ya saruji. Alipoliona la njano akalisogelea, akainama kwa adabu.

"Habari, dada."

"Nzuri, kaka. Bega limepona?"

"Baridi ikija linauma," alisema, akilishika. Lilikuwa bega la kulia.

"Pole."

"Asante. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alisema Mwalimu Taratibu, kwa sababu alikuwa amesalimiwa. Yule bwana akaingia ndani kusubiri gari lake, na mhudumu akamletea maji ya baridi.

Kwenye nafasi ya maoni, mwalimu aliandika kwa muda mrefu, akilamba ncha ya kalamu. Aliandika kwamba usukani ni mwaminifu. Kwamba kiti kinamjua mtu. Kwamba injini ina kifua na ina koo, na katika magari thelathini na moja hajawahi kusikia kama ile, hili ni la thelathini na mbili na ndilo la kwanza. Kwamba breki zinashika vizuri sana, ila zimechelewa mwaka mmoja. Kisha akapanda juu kwenye mstari wa dereva, akalikata jina la binti yake kwa mstari ulionyooka, akaandika lake.

Tai alisoma yote akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akachukua fomu mpya, safi.

"Maoni nitayanakili neno kwa neno," alisema. "Makao makuu wanayapenda mno maoni yako. Wanasema una kipaji."

Akayanakili, hata la breki. Juu, kwa dereva, akaandika jina la binti kwa zile herufi za duara. Fomu iliyokatwakatwa akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Mwalimu akaenda kuaga. Binti alikuwa ameshaivaa sweta, mkanda juu yake.

"Alhamisi?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Mwambie mama imenitosha."

Nje, mwanafunzi wake wa saa tano alikuwa anamsubiri kando ya gari la shule, mama mmoja muuza mitumba aliyekuwa akiogopa mizunguko ya barabarani. Mwalimu Taratibu akamfungulia mlango wa kulia, akazunguka, akakaa kushoto, akafunga mkanda. Kabla ya kitu chochote akatoa daftari la safari za shule, ambalo alilipiga mistari mwenyewe kwa rula. Kila safari ina mistari miwili, mmoja wa dereva na mmoja wa aliyekaa kushoto. Akaijaza yote miwili, akapuliza wino ukauke.

Kisha akaweka mguu juu ya breki yake, akaijaribu mara moja, ikashika.

"Haya, mama," alisema. "Washa. Taratibu."