Kikombe cha Njano

Esnart alivifudikiza vikombe mezani kimoja kimoja, na Laban akawa anavitazama vidole vyake. Ndivyo walivyofanya kila mwisho wa mwezi tangu mwaka jana. Mishahara yote miwili inawekwa mezani mchana kweupe, mlango wazi, watoto nje, na kila jambo la nyumba lina kikombe chake cha kufunikia pesa zake. Cheupe kilichokatika mkono ni cha kodi. Cha bluu ni cha unga. Cha maua ni cha mkaa na umeme, ingawa umeme wenyewe siku hizi ulikuwa unakuja kusalimia tu. Cha njano, kizuri kuliko vyote, walichopewa siku ya harusi, kilikuwa cha kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopeshana.

"Kodi, elfu moja," Esnart alisema.

"Elfu moja na mia mbili. Mzee Kabaso ameongeza."

"Hiyo mia mbili tutamwomba asubiri."

"Kabaso gani huyo wa kusubiri? Mtu anafunga choo kwa kufuli ili wapangaji wasikichoshe."

Esnart akacheka kidogo. Mkono wake ulipoingia mfukoni kutafuta leso, macho ya Laban yakaufuata mpaka ukatoka. Esnart hakukasirika. Yeye mwenyewe asubuhi ile, mumewe alipokuwa bado amelala baada ya lindo, alikuwa amevikung'uta viatu vyake vya kazi kuona kama kuna noti iliyokunjwa ndani.

Hawakuzaliwa hivyo. Mwaka jana kila mmoja alikopa kwa siri yake, Laban kwa mkopeshaji wa mtaani aliyekaa na kadi yake ya benki, Esnart kwa wenzake wa kikundi. Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake asiumie, au ndivyo walivyosema baadaye. Laban alipoanza kuhisi kitu, alikwenda kumuuliza Mama Mapalo, mweka hazina wa kikundi, na Mama Mapalo akamtazama usoni akamwambia mkeo hana deni hata la ngwee moja. Mwezi uliofuata mkopeshaji wa Laban alikuja kuchukua televisheni, na katika kelele za siku ile siri zote mbili zikamwagika mbele ya majirani. Tangu hapo ndipo vikombe vikaanza, na kiapo kwamba hakuna deni jipya bila wote wawili kujua.

Vikombe vilifanya kazi. Mkopeshaji alilipwa, kadi ikarudi. Duka likalipwa. Walikula dagaa na majani ya maboga mpaka Taonga, binti yao mkubwa, akaanza kusema anaogopa kuota mkia wa samaki. Lilibaki deni la kikundi peke yake, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kulimaliza.

"Elfu moja ya mkopo, mia moja ya riba, mia mbili ya hisa," Esnart alisema akizitoa noti chini ya kikombe cha njano. "Kwisha. Mwezi ujao kikombe hiki tutakinywea chai."

"Nikikiona na majani ya chai ndani nitaamini."

"Huniamini, Baba Taonga?"

"Nakuamini. Wewe kanunue unga, mfuko mkubwa, chenji urudishe hapa hapa."

Esnart akachukua pia mia tatu arobaini za kikombe cha bluu, akazifunga zote kwenye ncha ya kitenge, akatoka.

Kikundi kilikutana nyumbani kwa Mama Mapalo, kwenye kibaraza alichokiwekea vigae mwaka huu. Wanawake walikwisha kuvitazama sana vigae vile na hakuna aliyeviulizia. Katikati lilikaa sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikuwa nao Mama Mapalo, wa pili Mama Sikota muuza nyanya, wa tatu Precious msusi, ili sanduku lisifunguliwe ila mbele ya watu wote watatu. Hapo kila mtu alimpenda mwenzake na kila mtu alihesabu mara mbili.

Zamu ya Esnart ilipofika, alipiga goti, akapiga makofi mawili ya heshima, akaziweka pesa zake kwenye kitambaa. Mama Mapalo akahesabu, Mama Sikota akahesabu, Precious akahesabu.

"Umemaliza," Mama Mapalo akasema. "Sasa unachukua ngapi?"

"Sichukui, mama. Namshukuru Mungu, nimemaliza."

Alitegemea vigelegele. Badala yake wanawake wote wakamgeukia.

"Huchukui vipi?" Mama Mapalo aliuliza taratibu.

"Sina haja nayo mwezi huu."

"Mama Taonga, nani hapa ana haja? Kanuni ni kila mtu akope, angalau elfu moja, kila mwezi. Usipokopa unalipa mia moja ya riba vilevile. Uliipigia makofi Januari, wewe mwenyewe, ulikuwa umekaa pale karibu na ndoo."

Kweli alikuwa amekaa pale karibu na ndoo. Januari alikuwa na deni mpaka puani, na kanuni ya kuwabana wasiokopa ilimpendeza, kwa sababu aliona wenye nafuu wakivuna riba yake huku wao hawatoi kitu. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atakuwa mmoja wao.

"Sisi tukope, tutoe jasho la riba, halafu Desemba tukigawana wewe ukinge mikono?" Mama Sikota alisema. "Huo sio umoja."

"Amepata wapi huyu?" Precious akauliza wenzake, kama vile Esnart hayupo. "Mshahara wa kufagia zahanati tunaujua. Labda ana kikundi kingine kule ng'ambo, riba nafuu."

"Au Baba Taonga ameokota kitu huko ghalani anakolinda."

Wakacheka. Esnart naye akacheka ili isionekane imemuuma, lakini ilimuuma, maana neno kama hilo likifika kwa mwajiri wa Laban halitakuwa utani.

"Shoga, si uchukue tu," Precious akamwambia, sasa kwa huruma. "Mimi ya kwangu hata sifiki nayo nyumbani. Naikopesha pale barabarani kwa riba mara mbili, mwisho wa mwezi nalipa hapa, kinachobaki changu."

"Huko barabarani nimkopeshe nani? Anayekopa huko ni mimi."

Mama Mapalo alitazama jua, akatazama sanduku.

"Basi nitoke kwenye kikundi," Esnart akasema.

"Toka. Hisa zako zinabaki mpaka Desemba, na faida huna. Hiyo pia uliipigia makofi."

Hisa zake za mwaka mzima zilikuwa ndani ya lile sanduku. Esnart alifungua ncha ya kitenge, akatoa mia moja kati ya pesa za unga, akaiweka kwenye kitambaa. Alikuwa na hasira iliyoifanya mikono yake iwe mitulivu. Heri kulipia deni ambalo hakulichukua kuliko kulirudisha lile alilokula dagaa mwaka mzima kuliondoa. Alidhani Laban ataona hivyo pia. Alidhani hata atamsifu.

Dukani mia mbili arobaini hazikutosha mfuko mkubwa. Alinunua wa kilo kumi kwa mia moja hamsini, akaubeba mkononi badala ya kichwani, maana ulikuwa mdogo kiasi kwamba kujitwisha kungekuwa kuutangazia mtaa umaskini wake.

Laban alikuwa mlangoni anapiga rangi viatu. Aliuona mfuko kabla hajamwona mke.

"Huo ni wa nani?"

"Wetu."

"Tuliagiza mkubwa."

Esnart akaingia, akaweka tisini zilizobaki mezani. Akamweleza yote bila kuruka neno, kanuni, vicheko, mia moja. Laban alisikiliza na brashi mkononi.

"Kwa hiyo umelipa riba."

"Ndiyo."

"Ya mkopo ambao hukuchukua."

"Ndiyo, Baba Taonga. Ndivyo walivyo."

"Esnart." Alipomwita kwa jina mambo yalikuwa yameharibika. "Mimi nimekopa kwa watu wabaya wa mji huu wote. Nimekopa kwa mtu aliyekaa na kadi yangu kama kitambulisho chake. Hata yule alinipa pesa kwanza, ndipo akanidai riba. Hakuna mtu anayelipa riba ya hewa."

"Twende kwa Mama Mapalo ukamuulize."

"Yule yule aliyeniambia huna deni hata la ngwee moja?"

Mwaka jana Esnart ndiye aliyempigia magoti Mama Mapalo aseme vile.

"Sikiliza," Laban akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa imechoka. "Kama umelipa riba, umekopa. Kama umekopa, elfu moja ipo mahali. Umeificha, au umeila, au umempelekea mama yako. Niambie tu. Nikiiona sitasema kitu, wallahi sitasema. Lakini usinifanye mtoto na hadithi ya kulipia kitu ambacho hakipo."

Akaitumbukiza brashi kwenye kopo la rangi, akaja mezani. Akainua kikombe cheupe, akaondoa pesa zilizotoka kwenye mshahara wake. Akainua cha maua, akaondoa. Akazikunja, akazitia mfuko wa shati la kazi na kufunga kifungo. Vikombe vilivyobaki vilikuwa vimekaa juu ya vijisenti vya mwenye kufagia zahanati.

"Za kwangu nitazipanga mwenyewe," alisema.

Esnart aliwaza jinsi mkopeshaji alivyoibeba televisheni, waya wake ukiburuza vumbini. Ndivyo balaa ile ilivyoanza, kila mtu na mfuko wake. Akachukua kitenge, akatoka tena.

Kibaraza kilikuwa kitupu. Mama Mapalo alikuwa anafagia maganda ya karanga juu ya vigae vyake.

"Nimerudi, mama. Nachukua."

"Umefikiri vizuri."

"Ile mia moja niliyolipa ndiyo iwe riba yake."

"Ile ilikuwa faini ya kutokopa. Hii ni mkopo, na riba yake mwisho wa mwezi. Ni vitu viwili."

"Mama, siwezi kulipa faini ya kutokopa, na nikope hapo hapo."

"Wewe umeweza. Mbona nakuona hapa."

Sanduku lilikuwa pembeni ya mlango, kufuli zote tatu zimefungwa, na Mama Sikota na Precious walikwisha kuondoka na funguo zao. Esnart alitaka kusema atarudi kesho. Lakini Mama Mapalo aliegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani ya nyumba, na muda wa kufunga kamba ya kiatu tu akatoka na noti kumi za mia mia, mpya, zimebanwa kwa mpira.

Esnart alizitazama noti, akalitazama sanduku. Mama Mapalo naye akamtazama yeye, kwa utulivu ule ule aliomtazamia Laban mwaka jana.

"Kuna tatizo, Mama Taonga?"

Kulikuwa na tatizo kubwa. Hisa zake zilikuwa ndani ya sanduku lile, au ndivyo alivyoamini mpaka dakika ile. Lakini akiuliza, Mama Mapalo atarudisha pesa ndani, na nyumbani Laban alikuwa anafunga vifungo vya shati kwenda lindo na mshahara wake mfukoni.

"Hakuna," alisema, akapiga goti kuzipokea.

Laban alikuwa amekwisha kuvaa. Esnart aliziweka noti mezani, mpira na yote.

"Elfu moja," alisema. "Nilikopa. Niliiacha kwa Mama Mapalo kwa sababu niliogopa utakasirika."

Ulikuwa uongo wa kwanza aliomwambia mumewe tangu vikombe vianze, na ulimtoka kwa urahisi uliomshangaza.

Laban alizihesabu. Bega lake lililokuwa limepanda tangu mchana likashuka. Alitabasamu, tabasamu la kweli ambalo Esnart hakuwa ameliona kwa wiki nyingi, na ndilo lililomuumiza kuliko yote.

"Umeona sasa?" alisema kwa upole. "Ukweli una ugumu gani? Ungesema tu tangu mwanzo, tusingefika huku."

"Nisamehe."

"Yameisha, mama. Sote tuko kwenye kujifunza." Akafungua kifungo cha mfuko, akatoa pesa zake, akazirudisha chini ya kikombe cheupe na cha maua, kila moja mahali pake. Kisha akatoa noti mbili kwenye ile elfu, akaziongeza kwenye kodi. "Hiyo ni ya Kabaso. Angalau hatutamwomba. Nyingine utaongezea unga, utupatie mfuko wa maana."

Akachukua rungu lake, akamgusa begani, akatoka anaimba kwa mluzi.

Taonga aliingia kutoka nje na buli mkononi. "Mama, baba anaimba. Tumemaliza deni? Nimechemsha chai." Akanyoosha mkono kukichukua kikombe cha njano kutoka rafuni, ambako Esnart alikuwa amekiweka mchana kwa mkono wake kabla ya kwenda kikundini, kimeoshwa na kufutwa.

"Hicho acha," Esnart alisema.

"Si ulisema deni likiisha tunakinywea?"

Esnart alikichukua mwenyewe. Akakikalisha mezani mbele ya vingine, akazisogeza noti zilizobaki pamoja, akakifudikiza juu yake.

"Kunywa kwenye bilauri," alimwambia mtoto.