Meza ya Epoksi Isiyo na Haraka

Fundi seremala alimimina epoksi, ile gundi ya maji inayoganda kama kioo, za aina mbili kwenye vifuniko vya chupa, akaviweka dirishani penye jua. Ya kwanza iliganda kabla hajamaliza chai yake. Ilipata moto, ikajaa viputo, na siku chache baadaye jua likaigeuza manjano. Ya pili ilijivuta, haikuwa na haraka na mtu, lakini ilipokauka ungeweza kusoma gazeti lililo chini yake. Akarudi dukani kuchukua hiyo.

"Wenzako wote wanabeba ile ya haraka," muuza rangi alimwambia.

"Wabebe tu. Meza yangu ni ya mama mkwe, mamaye mume wangu. Nikiharibu, nitasemwa mpaka nizeeke."

Alilaza mbao mbili zenye kingo za kupinda, akaacha mwanya katikati. Alichanganya epoksi na kigandishi chake kwa vipimo sawa, akakoroga polepole hewa isiingie, akamimina, akafunika.

Alipofunua, mwanyani mlikuwa na mto. Maji yalitiririka kutoka ncha moja ya meza hadi nyingine, wala hayakudondoka sakafuni. Fundi alipitisha kiganja juu yake. Pakavu, laini, hakuna kiputo hata kimoja. Aliridhika, akaendelea kupiga msasa kingo.

Mama mkwe alikuja, akainama.

"Lile ndilo jiwe tulilokuwa tunafulia," alisema. "Na pale ndipo kandambili yangu ilipokwenda na maji."

Akachovya vidole. Vilizama, vikatoka vinachuruzika.

"Mbona kwangu pagumu, mama?"

"Wewe umeolewa huku juzi tu, mwanangu. Mto huu hukuukuta."

Mto ulipita nyuma ya nyumba hizi mpaka mwenye malori alipoufunika kwa zege apate pa kuegesha. Hakumuuliza mtu.

Habari zilienea mtaani. Wanawake wa rika la mama mkwe walijaa karakana, wakavua viatu, wakatumbukiza miguu mezani. Walirushiana maji, wakataniana mambo ya usichana, na mmoja alicheka hadi ikabidi ashikiliwe asianguke kitini. Watoto waligonga kioo kwa vidole na kubishana samaki yupi mkubwa. Fundi alileta matambara ya kufutia sakafu.

Mwenye malori naye alifika, maana alizaliwa mtaa huohuo. Wakampisha. Alitia mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa umelowa, akaufuta kwenye suruali.

"Kazi safi," alimwambia fundi. "Nitengenezee ya ofisini. Ila isiwe na harufu ya tope."

"Harufu haitoki, mzee."

Alitikisa kichwa kwamba ameelewa, akaondoka. Jioni malori yake yaliegeshwa palepale juu ya zege, kama kawaida.

Karakanani hakuna aliyekwenda kuyatazama. Mama mkwe alikuwa amekwishakunja gauni magotini na kanga za majirani zimerundikwa kando yake.

"Mwanangu," alisema, "hebu tuletee sabuni."