Umeme wa Pointi za Mzee Ignasi

Zuhura alikuwa amechoka kabla hata hajafungua kibanda. Uchovu wenyewe haukuwa wa kulala ukaisha. Marehemu mumewe, Majid, alimfundisha kulehemu waya na kusuka koili, akafa akamwachia kibanda kile karibu na soko la Lindi pamoja na rafu mbili za redio mbovu. Zamani redio ilikuwa mali, ikinyamaza mwenyewe hapati usingizi. Lakini tangu biashara iachiwe huru, redio kaseti za Dubai zilikuwa zimejaa madukani. Ikiharibika moja, mtu hununua nyingine. Zuhura alikuwa ameshaongea na shoga yake Kazija: mwezi ukiandama afunge kibanda, wakauze mitumba.

Asubuhi hiyo akaja mama mmoja mtu mzima, msalaba mdogo shingoni, amebeba kitu ndani ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mama yule alimtazama, akashusha pumzi, akafungua kanga. Kilikuwa kipande cha reli ya kuchezea, urefu wa shibiri moja, kimegawanyika njia mbili, kile ambacho watu wa reli hukiita pointi. Ubavuni kilikuwa na kikasha cheusi chenye nyaya tatu.

"Hii ni ya mume wangu, Ignasi. Alikuwa mgeuza njia wa reli ya karanga, ile ya Nachingwea iliyong'olewa. Padri mmoja aliporudi kwao Ulaya alimwachia treni ya kuchezea. Miaka yote akigeuza hivi vidude kwa kidole. Sasa tangu Pasaka amepooza upande wa kulia, na mkono wa kushoto nao unatetemeka. Akigusa reli anaiangusha treni. Ameacha kuigusa, na ameacha kusema pia. Naitwa Bertha. Padri alisema humo ndani mna mashine ya umeme. Itafutie umeme wake, mwanangu. Mimi nimechoka kukaa na mtu asiyesema."

Zuhura alitaka kukataa. Alifungua kile kikasha ili apate sababu ya kukataa, akakuta koili mbili nzima kabisa, na katikati yake kijiti cha chuma. Umeme ukipita koili hii kijiti huruka huku, ukipita ile huruka kule, na ndimi za reli hufuata. Jambo jepesi. Akasema atakuja.

Alipanda kilima cha Mtanda siku ya pili, jua kali, begi la vifaa likimkata bega. Mzee Ignasi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya mlango wa mninga uliolazwa juu ya mapipa. Juu yake reli zilizunguka, zikapita vituo vya mbao za maboksi, zikagawanyika mahali patatu. Treni yenyewe ilitembea kwa betri za tochi. Zuhura alimwamkia, mzee akaitika kwa kichwa tu.

Kwanza alifunga vitufe viwili, kimoja kwa kila koili, akajaribu adapta mpya ya dukani, kidude chepesi kilichoandikwa maneno makubwa kuliko nguvu zake. Mzee alibonyeza kitufe kimoja kwa kidole cha mkono wa kushoto. Koili ikavuma kama nzi chupani, ndimi zisisogee hata unywele.

"Hiyo haina kifua," akasema Mzee Ignasi.

Bertha aligeuka kwa haraka mpaka nusura amwage chai. Lilikuwa neno la kwanza la mzee tangu aiache treni.

Muda si muda umeme wa mji ukakatika, kama ilivyokuwa desturi miezi ile jenereta zilipokosa mafuta. Zuhura akaketi kwenye jamvi. Hata kama angepata transfoma nzuri, ingefaa nini kwa umeme wa kubahatisha? Akaazima betri ya gari kwa jirani, Abdulatifu, akaiunganisha moja kwa moja.

"Bonyeza, mzee. Bonyeza na uachie."

Tak! Ndimi ziliruka upande wa pili. Mzee akacheka, nusu ya mdomo wake ikipanda. Lakini kidole hakikuachia. Kilikuwa kimekakamaa juu ya kitufe, naye anakitazama kama kidole cha mtu mwingine. Zuhura alipochomoa waya, moshi ulikuwa umeshatoka na harufu ya rangi iliyoungua imejaa sebule.

"Nimeiharibu," mzee akasema.

"Mimi ndiye niliyekosea," Zuhura akajibu, na alimaanisha. Betri ilikuwa na nguvu isiyojua kukoma, naye ameikabidhi kwa mkono usioweza kuachia.

Alirudi kibandani na kile kikasha. Siku mbili alisuka koili ile upya, waya mwembamba kama unywele, macho yakimtoka machozi. Mara tatu ulikatika, mara ya tatu akalaza kichwa juu ya meza na kumlaumu Majid kwa sauti kwa kumwachia kazi hii. Kisha akaendelea. Alichohitaji alikuwa anakijua sasa: pigo moja la nguvu, halafu basi, mkono uachie usiachie.

Kwenye rafu palikuwa na amplifaya ya jumba la sinema lililofungwa watu walipohamia kwenye video. Akang'oa kapasita yake, nene kama mkebe wa maziwa. Kapasita hujazwa umeme kama mtungi, na ukiifungulia humwaga wote kwa mkupuo. Akaamua betri ya gari ibaki, ila ijaze kapasita kupitia balbu ndogo ya dashibodi. Balbu ingeubana umeme upite kidogo kidogo, usiweze kuunguza kitu.

Alipanda tena Mtanda. Alipounganisha, balbu iliwaka, ikafifia, ikazima.

"Ikizima ujue mtungi umejaa," akamwambia mzee. "Bonyeza."

Tak! Ndimi ziligeuka. Kidole kikakwama palepale. Balbu ikawaka na kubaki inawaka. Zuhura alishika koili kwa vidole, akasubiri. Ilikuwa baridi. Mzee aliitazama ile balbu, akakunja uso, na polepole, kama mtu anayebandua gundi, akakiinua kidole. Balbu ikazima.

"Tena," akasema mwenyewe.

Bertha aliiwasha treni. Ikazunguka, ikafika njia panda, mzee akabonyeza mapema, ikaingia njia ya pembeni bila kuyumba.

"Treni haina usukani, binti yangu," mzee akasema, maneno yakimtoka kwa kuburuzika. "Dereva anapiga honi tu. Anayempeleka ni yule aliyesimama chini. Lakini watu walimpungia mkono dereva."

Akaendelea kusema: habari za mvua, za mabehewa ya karanga, za siku walipokuja kung'oa reli naye akaambiwa aende nyumbani. Bertha alikaa kwenye kizingiti, uso ameufunika kwa kanga, akisikiliza.

Zuhura alisubiri treni ipite mara nyingi, kisha akakusanya vifaa. Miguu ilimuuma, na kibanda angekifunga vilevile mwezi ukiandama, hilo halikubadilika. Mzee alimwomba angoje kidogo, kuna pointi mbili bado.

"Nitakuja Jumamosi," akasema Zuhura, akateremka kilima taratibu, akishikilia kuta za nyumba za watu.