Chaneli ya Kumi na Tatu

Jumatano asubuhi kompyuta ya Aurore haikuona tena wifi ya nyumbani, na kabla ya chakula cha mchana mama yake, Maman Eulalie, alikuwa amekwisha kumpata mkosaji.

Mkosaji alikuwa Papa Venant, jirani wa juu. Nyumba zao mbili zilikaa kwenye mteremko mmoja wa Ibanda, ya Venant karibu na barabara, ya Eulalie chini yake, hivi kwamba kutoka dirisha la jikoni Eulalie aliona viatu vya wageni wa Venant kabla ya kuona nyuso zao. Ruta iliyorusha wifi ilikuwa sebuleni kwa Venant, lakini nyumba zote mbili ziliitumia kwa makubaliano ya zamani, na hakuna aliyewahi kulalamika. Ila Jumanne jioni watu wa shirika la avenue, jumuiya ya kanisa ya mtaa wao, walikuwa wamekuja kusali kwa Eulalie, pamoja na ngoma. Venant alikuwa juu katika mkutano wa kazi na wakubwa wake wa Kinshasa, kwa kompyuta. Alishuka, akaomba kwa adabu ngoma ipunguzwe kidogo. Eulalie alimjibu mbele ya wote kwamba ngoma haikuwa yake, ilikuwa ya Mungu, basi ombi hilo alipeleke kwa mwenyewe. Watu walicheka. Venant alipanda ngazi, akarudi kwake.

"Ngoma ilimuuma," Eulalie alisema. "Mutu alisoma vile, anakatia mujane wifi juu ya ngoma."

Aurore alimwambia kwamba simu yake bado ilikuwa kwenye wifi ile ile, bila shida.

"Simu ametuachia makusudi, tusipate cha kusema. Kompyuta ndiyo alitaka. Anajua weye iko na examen."

Mtihani huo ndio uliomkosesha Aurore hamu ya kula. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kinatafuta watu wa kusikiliza sauti za wasemaji wa Mashi, lugha ya kwao, kuandika kila neno kama lilivyosemwa, kisha kulitia katika Kifaransa. Kazi ya kufanyia nyumbani. Tangu mradi aliokuwa akiufanyia kazi ufungwe, alikuwa amepeleka maombi mengi, na hili ndilo la kwanza lililojibiwa. Angepimwa Ijumaa mchana, kwa video, mara moja tu. Atakayekosa kuonekana, nafasi yake inapewa mwingine.

Alifikiria njia nyingine. Data ya simu, pale chini ya mteremko, ilitosha kwa ujumbe, haikutosha kwa uso wa mtu. Chumba cha intaneti cha Nyawera kilikuwa kando ya kituo cha moto-taxi, pikipiki za abiria, na barua ya chuo ilidai chumba kimya. Alijaribu hata kuunganisha simu na kompyuta kwa waya ili wifi ipitie humo. Ilipita, kisha ikakatika kila simu ilipopata joto.

Basi akaanza na yale aliyoweza kuyajua kwa hakika. Alipakua katika simu programu ndogo inayoonyesha wifi zote za jirani na chaneli ya kila moja, yaani njia ambayo kila ruta huzungumzia hewani. Alikuwa amejifunza mambo haya peke yake, kwa kusoma mabaraza ya mafundi mtandaoni na kwa kuharibu vitu vyake mwenyewe. Majina yakajitokeza: "Chez Hugues Bar", "Usijaribu", "Famille Bénie", "Lipa Kwanza". Zote zilibanana kwenye chaneli ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja, na nyingi zaidi zilikuwa kwenye ya sita. Wifi ya Venant ilikuwa peke yake, kwenye chaneli ya kumi na tatu.

Akafungua orodha ya kompyuta, akailinganisha na ile ya simu. Kompyuta iliwaona majirani wote, hata "Usijaribu" aliye mbali. Haikumwona Venant tu.

Aurore aliigeuza kompyuta, akasoma karatasi iliyobandikwa chini. Mjomba wake, Tonton Nathanaël, ndiye aliyeituma, akiwa ameinunua huko Ohio. Baada ya kusoma kwa muda mrefu alipata jibu katika baraza moja: kompyuta nyingi zinazouzwa Amerika zimefundishwa kuishia chaneli ya kumi na moja, kwa sababu huko za mbele yake hazitumiki majumbani. Anayeongea kwenye ya kumi na tatu, kompyuta kama hiyo humpita kana kwamba hayupo; simu yake, iliyonunuliwa Bukavu, haikuwa na mpaka huo.

Kilichobaki hakikuwa ndani ya simu wala ndani ya kompyuta. Mwaka jana aliiangalia wifi ya Venant mwenyewe, na ilikuwa kwenye ya sita. Nani aliihamisha, na kwa nini? Hilo lilikuwa la kuuliza juu.

Mama alikataa. Alikuwa amekwisha kuwaambia wanawake baada ya misa ya Alhamisi asubuhi kwamba wamekatiwa, na mtoto wake hatapanda kuomba kwa aliyewakata. Aurore alimsikiliza hadi mwisho. Mchana huo akaiweka kompyuta kwapani, akapanda.

Venant alikuwa kwenye veranda, mahali pake pa kazi, ziwa likiwa mbele yake lote. Alimwonyesha kiti, lakini hakufunga kompyuta yake.

"Nasikia maman yako anasema kwa bantu yote kama nimebakata," alisema.

"Hukutukata, papa. Simu yangu haijatoka kwenye wifi yako hata siku moja. Nimekuja kuuliza tu kama uligusa ruta."

Venant alimtazama, akafunga kompyuta.

"Weye ndiye wa kwanza kuuliza. Bengine balikuja kunishauri nisamehe, nirudishe wifi."

Akasimulia. Jumanne, baada ya ngoma, mkutano wake ulikatika mara kwa mara hadi mkubwa wake akamwomba aandike badala ya kusema. Aliudhika, akafungua ukurasa wa ruta, akakuta onyo kwamba programu ya ndani ilikuwa ya zamani na ina matundu ambayo wezi wa mtandao wanaweza kupitia. Akafanya mise à jour, yaani akaweka programu mpya. Ruta ikazima, ikawaka. Na tangu hapo, alisema, watu wa Kinshasa wanasikika kana kwamba wako jikoni kwake. Alisema hivyo kwa fahari, na alikuwa na haki.

Aurore alimweleza upande wa pili. Programu mpya ilikuwa imefuta namba ya chaneli aliyoiweka fundi zamani, ikaiachia ruta ijichagulie. Ruta ikasikiliza mteremko mzima, ikakuta ya kumi na tatu haina mtu, ikahamia huko. Ndiyo maana Kinshasa inasikika. Ndiyo maana pia kompyuta yake haioni kitu. Venant alifungua ukurasa, na ilikuwa hivyo: otomatiki, na kando yake 13.

"Ukiiweka kwenye ya kwanza, nitaiona," Aurore alisema. "Mchana hakuna zogo pale. Ni Hugues tu na jirani mmoja wa mbali."

Venant akaondoa mkono kwenye kompyuta. Mchana, sawa. Lakini Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, na mikutano yao hupenda kuangukia jioni ya Bukavu, wakati wateja wa Hugues wanatazama mpira kwa wifi ya baa. Mkubwa wake alikuwa amekwisha kumsema. Kwa miaka alikuwa ameteseka katika msongamano, na siku ya pili tu baada ya kupata nafasi anaombwa arudi. Hakuyasema hayo kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayeeleza mahali panapomuuma.

Aurore hakumbishia. Aliuliza kama lile kasha lililokuja na ruta bado lipo. Lilikuwepo, juu ya kabati, na ndani yake waya wa mtandao bado umefungwa kwa plastiki.

"Kompyuta yako ya kazi iko na tundu lake. Yangu haina," alisema. "Weye iko karibu na ruta, huna haja ya hewa. Tumia waya, baa ya Hugues haitakugusa. Hewa utuachie sisi wa chini."

Venant aliupima waya kwa macho. Ulifika kwenye meza ya televisheni. Haukufika veranda.

"Na ziwa?"

"Kwa mikutano tu, papa."

"Nimetumika kazi miaka yote nipate kukaa mbele ya ziwa, unanirudisha kwa ukuta." Lakini alikuwa anacheka, na mkono ulikuwa umerudi kwenye kompyuta.

Programu mpya waliiacha, kwa kuwa matundu yalikuwa yamezibwa kweli. Walibadilisha namba tu. Ruta ilinyamaza kidogo, kisha jina la wifi ya Venant likatokea kwenye kompyuta ya Aurore, la kwanza katika orodha. Venant akahamia mezani, akachomeka waya, akampigia mwenzake wa Kinshasa hapo hapo kujaribu. Alisikika.

Jioni Aurore alimweleza mama yote, tangu Ohio hadi Kinshasa. Eulalie aliuliza mara mbili kama ruta inaweza kweli kuhama yenyewe. Kisha akasukuma kando sahani yake ya sombe, majani ya muhogo.

"Nilisema mbele ya bantu," alisema hatimaye. "Nitayatoa mbele ya bantu."

Hakungoja sala ya Jumanne. Alichukua simu akarekodi ujumbe kwenye kundi la shirika, mrefu kama tangazo la ndoa: kwamba Papa Venant hakukata kitu, kwamba ni yeye Eulalie aliyehukumu bila kuuliza, na kwamba siku za mikutano yake ngoma itapigwa kwa vidole. Venant, aliyekuwa naye katika kundi hilo, alijibu kwa kidole gumba kimoja. Eulalie alisema kwa mtu yule hayo ni maneno mengi.

Ijumaa, mtahini alitokea kwenye skrini akiwa mzima, bila kuganda. Akamchezea Aurore sauti ya mwanamke wa upande wa Kavumu anayeeleza jinsi ya kuchagua mbegu za maharage. Mwanamke alisema haraka, akacheka katikati ya sentensi, akarudia neno moja kwa namna mbili. Aurore aliandika namna zote mbili, na akaandika kwamba alicheka.

Mwishoni mtahini alisema ameridhika. Alikuwa na swali moja tu, kwa kuwa wengine kutoka huko walikuwa wamempotea katikati ya mtihani. Je, mtandao wake ni mzuri hivi siku zote?

Aurore alifikiri kabla ya kujibu.

"Hapana," alisema. "Lakini ukiharibika, najua pa kuanzia."

Mtahini aliandika kitu, kisha akamtumia faili la kwanza la kazi. Aurore alilifungua akiwa bado hajavua vifaa vya masikioni.